Mikono Chini ya Mabati

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la mahudhurio. Nililinunua nikiwa na ndoto za wanafunzi sitini, nikapata saba, kwa hiyo kila ukurasa una mistari saba iliyojaa na uwanda mtupu chini yake. Leo nimeligeuza na kuanzia nyuma. Anayetaka kujua nani alikuja mazoezini asome mbele. Huku nyuma nitaandika yangu, nisije nikapasuka.

Barua imefika kutoka chama cha judo. Mkaguzi atakuja Jumamosi ya tarehe 17 Mei kutazama mambo mawili: kama wanafunzi wanajua kuanguka bila kuumia, na kama mwalimu analimudu darasa lake. Shule itakayoshindwa itafungwa, na wanafunzi wake watahamishiwa kwenye ukumbi mkubwa ulio karibu na uwanja wa mpira, wenye vioo ukutani na mashine ya maji baridi. Nimeisoma mara tatu. Miaka kumi na mmoja nimefundisha hapa, juu ya karakana ya magodoro, kwenye mikeka niliyoishona mwenyewe kwa turubai na kuijaza vipande vya sponji wanavyotupa wale wa chini. Siitoi shule hii kirahisi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza, na paa la ukumbi linavuja. Ndoo tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Ukumbi wangu hauna dari. Juu yetu ni mabati matupu, na mvua ikiyapiga, hata mtu akikuimbia sikioni hutajua kama ameimba. Leo nimepaza sauti hadi koo likawasha. Nilimwambia mwanafunzi wangu tunayemwita Saruji asimame. Hakusikia, akamalizia kumtupa mwenzake, daktari wa meno, ambaye alikuwa ameshageuka kunitazama. Saruji ni fundi mwashi, ana kifua cha kabati la nguo na moyo wa kifaranga, na nusura alie. Daktari alitua kwa makalio, akabaki ameketi pale akinitazama kwa lawama.

Alikuwa na haki. Shule hii inajisifu kwa jambo moja tu: hapa humtupi mtu, wala hutupwi, mpaka ujue kuanguka. Mwezi mzima wa kwanza ni kuanguka. Kidevu kifuani, mkono uchape mkeka, pumzi itoke. Watu huja wakitaka kurusha mateke kama wa kwenye sinema, wanaanguka wiki mbili, wanatokomea. Waliovumilia ni hao saba, na nawapenda kuliko ninavyowaambia.

Jumanne, 11 Machi

Chumba cha mama mkwe kinavuja. Mume wangu ni fundi wa friji, na kwa kuwa ni fundi wa kitu kimoja anaamini ni fundi wa vyote, kwa hiyo atalitengeneza paa mwenyewe, na itachukua wiki mbili. Ameniomba mama awe anashinda ukumbini kwangu wakati wa alasiri. Nilijikaza kisabuni nikakubali.

Tumeishi naye miaka minne. Ana miaka sabini na mitatu, mgongo umenyooka, kitambaa chake cha kichwani hakijawahi kukaa upande. Alifanya kazi ya kuunganisha simu miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu wa makamo humsimamisha njiani wamwambie wanaikumbuka sauti yake. Kwangu sauti hiyo ni adimu. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," naye anapita na kikombe chake kana kwamba nimeuamkia ukuta. Siku nyingine huitikia, siku nyingine haitikii, nadhani inategemea ameamka vipi moyoni mwake. Kuhusu shule yangu hajawahi kusema neno. Nikisimulia mezani, yeye hutazama sahani. Najua anachofikiri: mke wa mwanangu anashinda akigaragazana na wanaume.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nilimuuliza kama anasikia baridi. Hakujibu. Ndoo nne.

Jumatatu, 17 Machi

Sauti imenikauka kabisa. Leo sikuwa na la kufanya ila kufundisha kwa mikono, na kumbe nilichelewa miaka.

Mkono mmoja juu, simameni tayari. Nikijipapasa bega la kulia, wote waangukie kulia. La kushoto, kushoto. Nikisukuma viganja mbele, waangukie nyuma. Ngumi kifuani, tupeane heshima na tupumzike. Nikizungusha kidole hewani, maana yake ni tena.

Saa ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Nilijikuna bega kwa kuwa nilikuwa nawashwa, na watu saba wakajibwaga chini. Saruji alicheka mpaka akakaa. Lakini saa ya pili kitu kilibadilika. Kwa kuwa hawakuweza kunisikia, ilibidi wanitazame, na waliponitazama wakaacha kutazamana na kuoneana aibu. Walianguka pamoja, mikono saba ikachapa mkeka mara moja, na nikausikia mchapo huo nyayoni ingawa mvua ilikuwa imefunika kila kitu.

Jumatano, 19 Machi

Daktari wa meno anasema sasa anawazungushia kidole wagonjwa wake wanapotakiwa kusukutua tena. Wanamwelewa vizuri. Ndoo tano.

Jumanne, 25 Machi

Paa la chumba cha mama limepona, na mume wangu amelisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Nikajua leo benchi litakuwa tupu. Saa tisa u nusu mama akatokea ngazini na mwavuli wake, bila kuitwa, akakaa palepale. Nilimuuliza mume wangu kulikoni. Akasema labda mama amechoka kukaa peke yake. Mimi nafikiri anahesabu makosa yangu ili ayatoe yote kwa pamoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Nina hasira, na nitaandika hivyohivyo.

Tulikuwa mezani. Nilikuwa nimeinamia bakuli nikipakua, nikawaeleza habari za ukaguzi, kwamba wiki sita zimebaki na usiku silali. Kisha nikapiga moyo konde, nikamuuliza mama mbele ya mwanawe: shule ikifungwa, yeye atasikitika hata kidogo? Alifikiri. Akafuta mdomo. Akasema chumvi leo imekaa vizuri.

Mume wangu alicheka, akidhani ni utani. Mimi niliinuka nikaenda bafuni, nikafungulia mfereji wa maji ili asinisikie nikilia. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye mkanda mweusi, nalilia chumvi. Angenitukana ningejua pa kumshika. Mtu asiyekushika wala kukupinga huwezi kumtupa, hilo ndilo tunalowafundisha wanafunzi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sponji imetapakaa kila mahali, wale wa chini wamenunua mashine mpya ya kuikata. Tunaanguka weusi tunainuka weupe. Mama yupo kwenye benchi. Simtazami.

Jumanne, 15 Aprili

Nataka niandike polepole jambo hili, maana limenigeuza.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo alasiri, mabati kimya, na wanafunzi walikuwa hawajafika. Mama alikuwa kwenye benchi amenipa mgongo, akiangalia dirishani. Nilibeba ndoo mbili za bati kwenda kumwaga maji. Moja ikaniponyoka, ikaangukia sakafu ya mlangoni hatua tatu nyuma yake, ikabingirika ngazini mpaka chini. Kelele ile ilimtoa msimamizi wa karakana nje kuuliza nani amekufa.

Mama hakushtuka. Hakugeuza hata shingo. Aliendelea kuangalia dirishani, mikono imetulia juu ya mkoba.

Nilisimama pale na ndoo iliyobaki. Nikamwita, "Mama." Kimya. Nikamwita kwa nguvu. Kimya. Kisha nikazunguka nikasimama mbele yake. Alipoona uso wangu akatabasamu, tabasamu la adabu la mtu anayekisia anachoambiwa, na nikatambua kwamba nimeliona tabasamu hilo mara elfu na kila mara nimelisoma vibaya.

Mwanamke aliyemtambua mtu kwa kukohoa tu kwenye simu, sasa hasikii. Ndiyo maana hakumwambia yeyote. Na ndiyo maana anakuja huku. Chini ya mabati yangu, mvua ikinyesha, hakuna anayesikia. Wote tunakuwa kama yeye, na kila kinachosemwa anakiona.

Nimesoma nyuma nilichoandika tangu Machi. Ningechana kurasa, lakini za mahudhurio zilizoshonwa nazo zingetoka pia. Basi zibaki zinisute.

Wanafunzi walipofika na mvua ikarudi, nilimtazama kwa mara ya kwanza tangu wiki ya hasira zangu. Nilipojipapasa bega la kulia, bega lake pia lilicheza. Nilipozungusha kidole, cha kwake kilizunguka juu ya mkoba, kidogo sana, kwa siri.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimwambia mume wangu. Alikataa katakata, akasema mama yake ana masikio ya popo. Nikamwambia amwite kwa nyuma. Alimwita mara tatu, akarudi jikoni akakaa juu ya kopo la rangi. Tumekubaliana tusimuumbue. Atasema mwenyewe akitaka.

Ila asubuhi siku hizi nazunguka mpaka mbele yake, naweka ngumi kifuani, ndipo naamkia. Anaitikia kila siku. Leo kaniongezea, "Umelala salama, mwanangu?" Mwanangu. Nilimwaga chai.

Jumamosi, 3 Mei

Daktari wa meno ameniuliza kama siku ya ukaguzi nitafundisha kwa mikono. Nikamjibu, kwa mikogo kabisa, kwamba Mei haijawahi kukosa mvua na mkaguzi naye atakuwa chini ya mabati kama sisi. Akanitazama kama anavyotazama jino bovu. Ndoo tatu.

Ijumaa, 9 Mei

Ndoo moja, tena haikujaa.

Ijumaa, 16 Mei

Jua. Anga kavu kabisa. Nimejaribu kuwaamuru kwa mdomo, na Saruji ameniuliza kwa nini nawagombeza.

Jumamosi, 17 Mei

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Ni mwanamume mfupi, miwani, koti jeusi, kalamu ya wino sikioni. Nje jua, ndani kimya mpaka tulisikia cherehani za chini. Mume wangu alikuja, akakaa na mama kwenye benchi. Mkaguzi aliniambia kwa upole nikae nao na niweke mikono mapajani, kwa sababu chama kinataka kujua wanafunzi wamejifunza nini, na amri atatoa yeye.

Akasimama mbele yao. Akasema kwa sauti nzuri, ya wazi, waangukie kulia.

Hakuna aliyeanguka. Watu saba walikuwa wamekodoa macho kwenye mikono yake, kama watu wanaosubiri kamba ikatike. Akarudia.

Wakati huo kipande cha sponji kikashuka taratibu kutoka kwenye boriti, kikatua begani mwa koti jeusi, bega la kushoto. Mkaguzi akakipangusa.

Wote saba wakaangukia kushoto. Mchapo mmoja, safi, ule nilioutafuta miaka kumi na mmoja. Mkaguzi aliruka nyuma, akatoa viganja mbele kama mtu anayezuia mlango, na wao, ambao walikuwa ndio kwanza wameinuka, wakaangukia nyuma. Akaichomoa kalamu sikioni, akaizungusha kidogo vidoleni akitafakari aandike nini. Wakaanguka tena. Akaizungusha zaidi. Tena. Daktari wa meno alikuwa amekwisha kuelewa kinachotokea, nilimwona usoni, lakini mwili wake haukumngoja.

Nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwenye magodoro. Mume wangu alikuwa ameuma kola ya shati lake.

Mkaguzi aliifunga kalamu. Alisema hajaona wanafunzi wanaoanguka vizuri namna ile, wala darasa lisilosikia amri namna ile. Mwamuzi wa mashindano hutumia mdomo, akasema, na mwanafunzi asiyemsikia mwamuzi anaweza kumvunja mwenzake mkono. Kwa hiyo alinisikitikia, lakini hili la kulimudu darasa angelazimika kuandika kwamba halipo. Nilianza kueleza habari za mvua, mabati na koo langu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mtoto aliyevunja kikombe. Aliniuliza, kwa nini basi sikurudi kwenye sauti mvua ilipopungua? Nilikuwa nimeyapenda yale ya mikono, basi.

Ndipo mama alipoinuka. Hakuwa amesikia hata neno moja, lakini nyuso zetu alizisoma zote. Alimpa mwanawe mkoba. Alivua viatu, akavipanga ncha zikitazama nje kama wanafunzi wangu wanavyofanya, akatia ngumi kifuani pembeni ya mkeka, akapanda. Mkaguzi alimsogelea na kumwambia jambo. Mama alimtazama midomo, kisha akamjibu, kwa sauti kubwa mno kwa ukumbi ule mtulivu, lakini ilikuwa ile sauti, pana na ya taratibu, iliyowaunganisha watu miaka thelathini na mmoja.

"Baba, usijichoshe, mimi sisikii. Mwaka wa nne huu, na nyumbani sijamwambia mtu, nimeona haya. Kila mahali nakaa kama kiti. Hapa tu ndipo naelewa watu wanasema nini. Sasa tazama."

Akainua mkono mmoja. Wakasimama tayari.

Bega la kulia. La kushoto. Viganja mbele. Akawapanga wawiliwawili, akawaamuru watupane, tupa na anguka, tupa na anguka, kwa mpangilio wangu wote wa saa nzima, hatua kwa hatua, na hakukosea hata mahali pamoja. Saruji alipochelewa, alimkazia macho, Saruji akawahi. Kitambaa chake hakikwenda upande. Mume wangu alikuwa analia wazi, mkoba wa mamake kifuani, na mimi pia sikuwa na haja ya mfereji.

Mama aliposhusha ngumi kifuani na darasa likainama, mkaguzi alikuwa amekaa kwenye benchi mahali pa mama. Alivua miwani akaifuta. Akaniuliza huyu bibi ana mkanda gani. Nikamwambia hana, ni mama mkwe wangu, huja kutazama tu.

"Mwalimu ambaye mtazamaji wake anaweza kuendesha darasa," akasema, "siwezi kuandika kwamba hakulimudu."

Akaandika sharti moja: kuanzia Jumatatu kila amri itolewe kwa mkono na kwa mdomo, na Agosti atarudi kututazama, siku ya jua. Shule inaendelea. Alipofika mlangoni alijipangusa sponji begani, na Saruji akakunja magoti kabla hajajizuia.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala mpaka saa nne. Mume wangu amemwekea mama siku ya kuonana na daktari wa masikio. Mama anasema kifaa atakivaa nyumbani na sokoni. Ukumbini hapana, huko hakihitaji.

Alhamisi, 29 Mei

Ndoo zote zimepangwa stoo. Wanafunzi tisa sasa. Upande wa mbele wa daftari umeanza kubanwa, na huku nyuma zimebaki kurasa mbili tu.

Wa nane ni msimamizi wa karakana, anayesema amechoka kusikia raha za watu juu ya kichwa chake. Wa tisa alikuja leo na nguo nyeupe aliyojishonea mwenyewe, suruali mpaka kwenye kifundo cha mguu, mkanda mweupe umefungwa barabara. Nilimwambia kwa mdomo na kwa mikono kwamba tutaanza mwezi ujao, baada ya kuonana na daktari. Akaniambia daktari yupo. Daktari wa meno akasema kwa upande wake meno ya mama hayana kipingamizi.

Basi tuliongeza mikeka miwili juu ya mingine. Nilimchuchumaza mama, nikamwonyesha kidevu kifuani, mkono pembeni, na nikakaa karibu kiasi cha kumdaka. Niliwahi kuangusha watu waliokuwa wakitafuta medali, sijawahi kuogopa kama leo. Nikasukuma viganja mbele.

Alianguka nyuma. Mkono ulichapa kwa kuchelewa kidogo, kitambaa kikamtoka, nywele nyeupe zikamwagika kwenye turubai, na akabaki amelala pale akitazama mabati. Nilipiga magoti, nikamnyooshea mkono nimwinue, nikimuuliza kwa uso wangu wote kama ameumia.

Hakuushika mkono. Alinitazama, akainua kidole, akakizungusha hewani.